Theluji ya ziwa mjini Buffalo: mtaa mmoja umezikwa, mwingine mkavu. Inakuwaje?

Mnazi wa Shangani (Mtwara)

Wakuu, habari za jioni.

Mpwa wangu amepata nafasi ya chuo Buffalo, jimbo la New York, na anatakiwa kuripoti Januari. Katika kusoma hali ya hewa ya kule nimekuta jambo ambalo haliniingii akilini. Novemba 2014 vitongoji vya kusini mwa Buffalo vilipata theluji ya zaidi ya mita moja na nusu ndani ya siku chache, ilhali kaskazini ya jiji hilo hilo zilianguka sentimita chache tu. Umbali wenyewe ni kama wa kutoka hapa mjini hadi Mikindani, au kuzidi kidogo. Wanaiita theluji ya ziwa, na ziwa lenyewe ni Erie.

Naomba wenye ujuzi mnifafanulie. Ziwa linatengenezaje theluji, na kwa nini ianguke kwenye mkanda mwembamba hivyo? Ziwa likishaganda, hatari si imekwisha? Na mtu aliyekulia joto la pwani ajiandae vipi nyumbani na barabarani? La mwisho linatuhusu sisi: bahari yetu ina joto kuliko ziwa lile, je, inaweza kutufanyia kitu cha aina hiyo?

Ya "avae nguo nzito" tunayajua. Naomba vipimo na sababu.

Jografia Masasi

Mkuu Mnazi, swali zuri sana. Anza na sufuria ya maji ya moto iliyotolewa nje alfajiri ya Juni kule Newala. Hewa inayogusa maji inapata joto na unyevu, inapanda, inakutana na baridi, na unyevu ule unageuka ukungu unaouona. Ziwa Erie mwezi Novemba ni sufuria hiyo, ila lina urefu wa kilomita 388 na upana usiozidi kilomita 92. Maji yake bado yametunza joto la miezi iliyopita, na juu yake inashuka hewa kutoka Kanada iliyo chini ya sifuri.

Watabiri wana kipimo chao. Wanachukua joto la uso wa maji, wanatoa joto la hewa iliyo juu kama kilomita 1.5. Tofauti ikifika nyuzi 13, wanaanza kukaa macho. Namba hiyo ina hesabu nyuma yake: hewa ambayo haijafanya wingu hupoa kama nyuzi 10 kwa kila kilomita inayopanda, na uso wa Erie uko mita 174 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo mpando ni wa kilomita 1.3 hivi. Tofauti ikizidi nyuzi 13, hewa iliyopashwa na maji inabaki na joto kuliko majirani zake njia nzima, na inaendelea kupanda bila kusukumwa. Tofauti ikiwa kubwa zaidi ya hapo, mawingu yanapanda kwa nguvu mpaka radi zinapiga katikati ya theluji. Ndiyo, radi na theluji kwa pamoja.

Sasa wembamba wa mkanda. Hewa inahitaji kusafiri juu ya maji kama kilomita 100 ndipo ibebe unyevu wa kutosha. Upepo ukilikata Erie kwa mapana, njia inakuwa fupi, na unapata vimikanda vingi vidogo vyenye theluji ya kawaida. Lakini ziwa limelala kutoka kusini-magharibi kwenda kaskazini-mashariki, na Buffalo iko kwenye ncha ya mashariki kabisa. Upepo ukifuata urefu wa ziwa, hewa ya pande zote mbili za nchi kavu inavutwa kuelekea katikati ya maji, kwa sababu hewa ya pale katikati ni nyepesi na inapanda. Zinakutana, na mawingu yote yanajikusanya kwenye mkanda mmoja wa upana wa kilomita 10 hadi 30. Chini ya mkanda huo theluji inaweza kuanguka sentimita 5 hadi 10 kwa saa. Toka nje ya ukingo wake na unaona jua.

Pia upepo wa chini na wa juu lazima uende upande mmoja. Ukipishana kwa zaidi ya digrii 30 mkanda unaanza kuchanika, na ukipita digrii 60 unavunjika kabisa.

Na hapa ndipo penye jibu la mtaa wako mmoja na mwingine. Chukua mkanda wa urefu wa kilomita 200. Upepo ukigeuka digrii 5 tu, ncha ya mkanda inahama kama kilomita 17. Upepo usipogeuka, theluji yote inamwagika pale pale saa baada ya saa. Mwaka 2014 mkanda ulikaa juu ya vitongoji vya kusini, haukuyumba.

Nyanda za juu nazo zinaongeza. Mashariki ya Ziwa Ontario, jirani ya Erie, kuna uwanda uitwao Tug Hill, unafika kama mita 600. Hewa yenye unyevu inalazimishwa kuupanda, kama upepo wa baharini unavyolazimishwa kuupanda uwanda wetu wa Makonde na kuacha ukungu juu. Sehemu za Tug Hill hupata zaidi ya mita 5 za theluji kwa msimu mmoja.

Pepo za Kusi

Jografia amemaliza kazi upande wa chanzo. Niongeze kwenye swali la kuganda, kwa sababu hapo ndipo wengi wanajidanganya.

Erie ni ziwa la kina kifupi, wastani wa mita 19 tu. Linapoa haraka, na miaka mingi sehemu kubwa ya uso wake huwa barafu ifikapo Februari. Barafu ni kama mfuniko wa sufuria: mvuke unakatika na theluji ya ziwa inapungua sana. Ziwa Ontario lina wastani wa mita 86, joto limehifadhiwa chini sana, na kwa kawaida sehemu yake kubwa haigandi. Kwa hiyo miji ya mashariki ya Ontario haina likizo hata Februari. Mpwa wako anaenda ukingoni mwa Erie, miezi mibaya kwake ni Novemba, Desemba na Januari.

Lakini tazama Januari 1977. Msimu ule Erie liliganda mapema, katikati ya Desemba. Theluji ikaendelea kuanguka juu ya barafu, ikalala pale kavu na nyepesi kama unga wa muhogo. Tarehe 28 Januari upepo uliopita kilomita 100 kwa saa ukaizoa yote na kuimwaga mjini. Theluji mpya iliyotoka mawinguni ilikuwa sentimita 30 hivi, lakini malundo yaliyojengwa na upepo yalifika kwenye mapaa ya nyumba. Watu zaidi ya 20 walikufa, wengine ndani ya magari yao. Ziwa lililoganda limepunguza mvuke, ila limekuwa uwanja mpana usio na mti wala ukuta wa kuzuia upepo.

Fundi Kenchi (Lindi)

Nizungumzie nyumba, hapo ndipo kijana atalala.

Uzito wa theluji unahesabika. Milimita moja ya maji juu ya mita moja ya mraba ni kilo moja. Theluji ya ziwa ni nyepesi, sentimita 15 mpaka 25 zake ukiziyeyusha zinatoa sentimita moja ya maji. Chukua ile mita moja na nusu ya 2014 kwa kiwango cha 15 kwa 1: unapata milimita 100 za maji, yaani kilo 100 kwa kila mita ya mraba. Paa la mita 8 kwa 12.5 linabeba tani 10. Mvua ikinyesha juu yake, theluji inainywa kama sifongo na haishuki, uzito unaongezeka bila kimo kuongezeka. Ndiyo maana hatari ya paa ni kubwa siku joto linaporudi. Mtu anaona theluji inasinyaa anadhani mzigo umepungua. Mzigo ni ule ule mpaka maji yatiririke chini.

Sisi huku tunafunga kenchi kwenye lenta kwa nondo ili upepo usinyanyue bati. Kule kenchi inapigana na mzigo unaoshuka, hivyo wanaangalia zaidi unene wa mbao na mwinuko wa paa. Dalili za paa kuchoka ni milango ya ndani kuanza kukwama, nyufa mpya kwenye dari, na mlio wa mbao. Akisikia hayo atoke. Theluji ya paa inavutwa kwa reki yenye mpini mrefu, umesimama chini. Asipande juu, na asisimame chini ya ukingo anaouvuta.

Mabomba: maji yakiganda yanatanuka na kupasua bomba, halafu barafu ikiyeyuka nyumba inafurika. Siku za baridi kali bomba lililo ukuta wa nje liachwe lidondoshe maji kidogo kidogo, kabati la chini ya sinki liwe wazi ili joto la chumba liingie, na nyumba isishuke chini ya nyuzi 13 hata akisafiri. Siku ya kwanza kabisa aonyeshwe koki kuu iko wapi.

Sasa lile linaloua kimya kimya. Mitambo mingi ya kupasha nyumba joto inatumia gesi na inatoa moshi kwa bomba la pembeni ya ukuta, mara nyingi karibu na ardhi. Theluji ikilifunika, hewa ya sumu (kaboni monoksidi) inarudi ndani. Haina harufu wala rangi. Ni sumu ile ile inayoua watu kwetu wanaoingiza jiko la mkaa chumbani usiku wa mvua na kufunga madirisha. Kila theluji inapokoma, kazi ya kwanza ni kuzibua bomba hilo. Jenereta likae nje, mita 6 au zaidi kutoka nyumbani, moshi ukielekea mbali na madirisha. Na kiwepo kifaa cha kugundua sumu hiyo, chenye betri, karibu na vyumba vya kulala. Kichwa kikiuma na kichefuchefu kikianza kwa watu wawili wa nyumba moja kwa wakati mmoja, watoke nje kwanza, maswali baadaye.

Mnazi wa Shangani (Mtwara)

Fundi, Mungu akubariki. Hilo la bomba la ukutani sikuwahi kuliona popote.

Na beleshi? Nasikia watu wanakufa kwa kufagia theluji tu, nikashangaa.

Fundi Kenchi (Lindi)

Ni kweli. Baridi inabana mishipa ya damu huku mikono inanyanyua uzito, na moyo unabeba vyote viwili. Wengi wanaoanguka ni watu wazima wasio na mazoezi ya kila siku. Asukume badala ya kunyanyua, achukue nusu beleshi, apumzike kila dakika 15 hadi 20, na aanze mapema: kuondoa sentimita 10 mara tatu ni rahisi kuliko 30 kwa mpigo. Chumvi ya barabarani inayeyusha barafu mpaka kama nyuzi 9 chini ya sifuri, baridi ikizidi hapo haisaidii sana, amwage mchanga ili miguu ishike.

Njia ya Kusini

Upande wa barabara. Novemba 2014 barabara kuu ya jimbo ilifungwa, na kuna waliokaa ndani ya magari zaidi ya saa 24. Wengi tunaotumia barabara ya Dar hadi Lindi tunajua maana ya njia kuu kukatika: Mei 2024, mvua za Kimbunga Hidaya zilipobomoa njia pale Somanga, malori na mabasi yalilala pande zote mbili. Tofauti ni kwamba aliyekwama Somanga angeweza kushuka na kutembea. Katika upepo wa theluji mtu haoni mkono wake, na hatua 30 kutoka kwenye gari zinatosha kumpoteza.

Kwa hiyo akikwama, abaki ndani ya gari. Afunge kitambaa chekundu kwenye eriali au mlangoni. Kabla ya kuwasha injini azunguke kuondoa theluji kwenye bomba la ekzosi, kila mara, kwa sababu gari lililofukiwa linaingiza moshi ndani. Awashe dakika 10 katika kila saa, na dirisha la upande usiopigwa na upepo liwe wazi kidogo. Kwa mwendo huo nusu tangi inamfikisha asubuhi. Achezeshe vidole vya miguu na mikono muda wote.

Ndani ya gari, kuanzia Novemba mpaka Machi: blanketi, beleshi fupi, mfuko wa mchanga wa kumwaga chini ya tairi, maji, vitu vya kula visivyohitaji kupikwa, tochi, chaja ya simu, soksi na glavu za akiba. Tangi lisishuke chini ya nusu. Soksi ziwe za sufu. Pamba ikilowa jasho inabaki mbichi na inanyonya joto la mguu. Nguo ya kugusa mwili nayo isiwe ya pamba, kwa sababu hiyo hiyo.

Jambo la mwisho ni la uamuzi. Desemba 2022 dhoruba ilianza tarehe 23, uwanja wa ndege wa Buffalo ukapata sentimita 132, na kaunti ya Erie, ulipo mji huo, ikapoteza watu zaidi ya 40. Kuna waliokutwa kwenye magari, kuna waliokutwa nje, kuna waliokufa nyumbani kwa kukosa joto, na kuna walioishiwa muda kwa sababu gari la wagonjwa halikuweza kufika. Magari ya uokoaji na magreda yenyewe yalikwama. Amri ya kutotembea ilitoka asubuhi ile ile, wakati wengi wamekwisha toka kwenda kazini. Kijana asingoje amri. Utabiri ukisema mkanda unakuja usiku, manunuzi yafanyike mchana, na dawa za siku 7 ziwe mkononi.

Pepo za Kusi

Nirudi kwenye swali la bahari yetu, limesahaulika.

Theluji, hapana. Bahari ya Mtwara ina nyuzi 25 mpaka 30, joto la chini halina shida. Kinachokosekana ni hewa baridi ya juu yake. Kusi na kaskazi vyote vinatujia vikiwa vimeshapita juu ya bahari yenye joto muda mrefu, tofauti ya kuzalisha mpando ule haipatikani. Mwenye bahari na hewa baridi kwa pamoja ni Japani: upepo wa Siberia ukivuka Bahari ya Japani unazika pwani ya magharibi ya nchi ile kila mwaka, kwa kanuni ile ile ya Erie.

Lakini mfano wa upepo kusafiri urefu wa ziwa na kumwaga mwisho wa safari tunao Tanzania, tena ni mzuri kuliko wa vitabuni. Ziwa Nyasa lina zaidi ya kilomita 550 kutoka kusini hadi kaskazini. Upepo wa kusini unalifuata lote, unafika ncha ya juu, unagonga milima ya Livingstone na Rungwe, na Kyela inapata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Kyela ni Buffalo yetu, ila badala ya theluji ni maji. Mwalimu anayefundisha somo hili Masasi au Nachingwea aanzie hapo, wanafunzi wataelewa.

Joto la bahari yetu linalipwa kwa njia nyingine, nayo ni kimbunga. Kinahitaji maji ya kama nyuzi 26.5 au zaidi. Mtwara na Lindi tuko digrii 10 kusini ya ikweta, ukingoni mwa eneo ambalo mzunguko wa dunia unaweza kuufanya upepo uzunguke, kwa hiyo hutokea kwa nadra, na nadra hiyo inatulegeza. Aprili 1952 kimbunga kiliipiga Lindi. Tarehe 25 Aprili 2019 Kenneth kiliingia Cabo Delgado, jirani zetu ng'ambo ya Ruvuma, baada ya Mtwara kufunga shule na watu wa mabondeni kuambiwa wahame. Mei 2024 Hidaya kikafika Mafia. Ukiona TMA (Mamlaka ya Hali ya Hewa) wamepandisha kutoka angalizo kwenda tahadhari kubwa, mtumbwi unavutwa juu siku hiyo hiyo.

Jografia Masasi

Naunga mkono la Kyela, nitalitumia.

Niongeze kidogo upande wa faida, watu wasidhani ziwa ni adui tu. Kusini mwa Erie kuna mkanda wa mashamba ya zabibu, na pwani ya mashariki ya Ziwa Michigan kuna matunda mengi. Maji baridi ya ziwa yanachelewesha machipukizi mpaka hatari ya jalidi ipite, na vuli maji yenye joto yanachelewesha jalidi ya kwanza. Mkulima wa korosho anaelewa uzito wa hilo: asubuhi chache zenye ubaridi na umande wakati wa maua zinaleta ubwiriunga na msimu unaharibika. Kule saa ya maua inashikwa na ziwa.

Mnazi wa Shangani (Mtwara)

Ahsanteni sana wakuu, nimenakili yote na nitamsomea mpwa mwenyewe. Swali moja tu la mwisho: anatafuta chumba sasa hivi kwa mtandao, kuna viwango viwili vya bei, kusini ya jiji ni nafuu kidogo. Nimkataze?

Njia ya Kusini

Usimkataze kwa sababu ya theluji peke yake. Mkanda hupiga kusini mara nyingi zaidi, lakini Desemba 2022 jiji zima lilikuwa ndani. Amuulize mwenye nyumba kabla hajalipa: nani anaondoa theluji kwenye njia ya kuingilia, joto la nyumba ni la gesi au la umeme na umeme ukikatika linazimika au la, na bomba la moshi la mtambo liko kimo gani kutoka ardhini. Likiwa chini ya nusu mita, ajue kila theluji ikianguka atatakiwa kutoka na beleshi kulizibua, hata usiku wa manane. Halafu apime kwa miguu umbali wa kutoka hapo hadi chuoni na hadi duka la chakula. Duka lililo ndani ya dakika 10 kwa miguu lina thamani kuliko punguzo la kodi.